Mshika Mbili: Historia ya Swali "Arushe au Apige?"

Machi 2018, huko Arizona, kijana wa miaka 23 kutoka Japani alikuwa anaaibika mbele ya kamera. Jina lake Shohei Ohtani. Klabu ya Los Angeles Angels ilikuwa imemsajili Desemba iliyotangulia, na ahadi ilikuwa kubwa: atarusha mpira na atapiga mpira, kazi mbili ambazo katika besiboli ya kisasa hazifanywi na mtu mmoja. Kwenye mechi za maandalizi akapata mapigo salama 4 tu katika majaribio 32. Kwenye kurusha nako wapinzani walimpiga kama ngoma. Baadhi ya wasaka vipaji waliohojiwa na waandishi walisema kupiga kwake ni kwa kiwango cha mwanafunzi wa sekondari.

Msimu ukaanza. Ulipokwisha alikuwa na homurani 22, na mwaka huohuo akapewa tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa ligi yake.

Sasa, wale wasaka vipaji hawakuwa wajinga. Ni watu wanaokula kwa kazi hiyo. Kwa hiyo swali letu la leo ni hili: unamtazama kijana wa miaka 17 au 20, unajuaje atakuwa nani? Na akiwa na vipawa viwili, nani anaamua kipi kiachwe? Swali hili lina zaidi ya miaka 100, na historia yake inatufundisha mengi kuhusu vipimo kwa jumla, siyo michezo peke yake.

Kwanza, mchezo wenyewe

Kwa ambaye hajawahi kuitazama besiboli: mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka anaposimama mpigaji. Anarusha mpira mgumu, na mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo (la kupigia, siyo la kunywa). Akiupiga ukavuka uzio wa uwanja, hiyo ndiyo homurani. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unamfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Ndani ya muda huo aamue kama anapiga au anaacha, kisha azungushe gongo. Ndiyo maana mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika majaribio 10 anahesabiwa kuwa hodari kabisa.

Ukifuatilia kriketi utashangaa kidogo. Kule mtu anayeweza kurusha na kupiga ni lulu, kila timu inamtafuta. Besiboli ilikwenda njia nyingine. Kila kazi ilizidi kuwa ya kitaalamu mpaka kijana akawa analazimika kuchagua mapema: ama mkono, ama gongo. Wahenga wetu wangewaunga mkono: mshika mbili moja humponyoka.

Lakini hebu tuangalie kumbukumbu zinasemaje.

Ruth: vita vilipofungua mlango

Februari 1914, Jack Dunn, mmiliki wa timu ya Baltimore Orioles iliyokuwa ikicheza ligi ya chini, alimsajili kijana wa miaka 19 kutoka shule ya bweni ya St. Mary's, walikopelekwa wavulana walioonekana watukutu. Kule shuleni kijana huyo, George Herman Ruth, alicheza karibu kila nafasi. Julai mwaka huohuo akauzwa kwa Boston Red Sox. Boston waliona mkono wa kushoto wenye nguvu, wakamwandika kuwa mrushaji. Basi.

Na kusema kweli hawakukosea. Mwaka 1916 alishinda mechi 23, na mwaka 1917 akashinda 24. Katika fainali za 1916 na 1918 alirusha zamu 29 na theluthi mbili mfululizo bila wapinzani kupata mkimbio hata mmoja, rekodi iliyodumu hadi 1961. Ukiwa na kijana kama huyo, ni kocha gani atakayekubali kumbadilishia kazi?

Kilichobadilisha mambo ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1918 wachezaji wengi walikuwa wameitwa jeshini au wamehamia viwanda vya vita. Timu zikapungukiwa na watu. Harry Hooper, nahodha wa Boston, alimsukuma kocha Ed Barrow amtumie Ruth kama mpigaji siku ambazo harushi. Barrow alisitasita, maana kumtoa mrushaji bora wa mkono wa kushoto kulionekana ni kichekesho. Hatimaye, tarehe 6 Mei 1918, Ruth akaanza mechi kwa mara ya kwanza katika nafasi isiyo ya mrushaji. Alimaliza msimu na ushindi 13 wa kurusha na homurani 11, idadi iliyomweka kileleni mwa ligi pamoja na mwenzake mmoja. Mwaka 1919 akapiga 29, rekodi mpya. Mwaka 1920, akiwa New York Yankees na akiwa karibu ameacha kabisa kurusha, akapiga 54, zaidi ya timu nzima yoyote nyingine katika ligi yake.

Angalia mpangilio wa matukio. Hakuna kipimo kilichogundua kwamba mrushaji huyu ni mpigaji mkubwa kuliko wote wa zama zake. Uhaba wa watu ndio uliomgundua.

Sayansi ilikuja baadaye, mbio mbio. Mwaka 1921 Ruth alipelekwa kwenye maabara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Columbia, akapimwa kasi ya macho, wepesi wa mikono na umakini. Matokeo yakachapishwa katika jarida la Popular Science Monthly Oktoba mwaka huo: Babe Ruth yuko juu ya mtu wa kawaida karibu katika kila kipimo. Ilikuwa habari tamu. Ila hapo alikuwa tayari anajulikana nchi nzima. Kupima mshindi baada ya kushinda ni rahisi. Laiti wangempima mwaka 1914, tungejua kama kipimo hicho kina uwezo wa kutabiri.

Waliofungiwa nje

Wakati huohuo kulikuwa na wachezaji waliofanya kazi zote mbili miaka nenda rudi, na ligi kuu haikuwaona kwa sababu haikutaka kuwaona. Wachezaji weusi walizuiwa kucheza ligi kuu ya Marekani hadi Jackie Robinson alipoingia uwanjani tarehe 15 Aprili 1947. Walicheza ligi zao wenyewe, zilizoitwa Negro Leagues.

Timu hizo zilikuwa na wachezaji wachache na safari nyingi. Mtu mmoja kufanya kazi mbili lilikuwa jambo la kawaida. Bullet Rogan wa Kansas City Monarchs alikuwa miongoni mwa warushaji bora wa ligi, na papo hapo alikuwa tishio akishika gongo. Martín Dihigo kutoka Cuba alicheza karibu nafasi zote uwanjani. Mwaka 1938, katika ligi ya Mexico, alishinda mechi 18 na kupoteza 2 kama mrushaji, na kama mpigaji akapata wastani wa .387, yaani mapigo salama karibu 39 katika kila majaribio 100. Aliongoza ligi katika kurusha na katika kupiga, msimu mmoja.

Kwa hiyo mtu akisema kwamba baada ya Ruth haikutokea tena mpaka Ohtani, muulize: haikutokea wapi? Takwimu inahesabu wale tu walioruhusiwa kuingia kwenye daftari. Ni mwaka 2020 tu ambapo uongozi wa ligi kuu ulitangaza kwamba Negro Leagues za 1920 hadi 1948 nazo zihesabiwe kuwa ligi kuu. Rogan na Dihigo walikuwa wameshafariki zamani.

Bega la Musial

Kisa cha tatu ni cha bega. Stan Musial wa Donora, Pennsylvania, alisajiliwa na St. Louis Cardinals mwaka 1938 kama mrushaji akiwa na miaka 17. Mwaka 1940, akiwa timu ndogo ya Daytona Beach, alishinda mechi 18 na kupoteza 5. Kijana yuko njiani, mambo safi. Lakini timu ndogo ina watu wachache, kwa hiyo siku zisizo za kurusha walimweka uwanja wa nyuma. Agosti mwaka huo akaruka kudaka mpira, akaangukia bega la kushoto, bega lake la kurushia. Kazi ya kurusha ikaishia hapo.

Mwaka uliofuata alikuwa ligi kuu, kama mpigaji. Alistaafu mwaka 1963 akiwa na mapigo salama 3,630, na kwa miaka 7 tofauti aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga. Fikiria asingeumia. Yawezekana tungekuwa na mrushaji mzuri wa wastani, na hakuna ambaye angejua kilichopotea.

Hapa ndipo tunapokutana na tatizo kubwa kuliko yote katika kutathmini vipaji: hatuoni njia ambayo haikupitwa. Msaka vipaji akisema "huyu arushe", na kijana akawa mrushaji wa kuridhisha, jibu linahesabiwa kuwa sahihi. Hakuna anayeandika kwamba labda angekuwa mpigaji wa ajabu.

Namba kutoka 20 hadi 80

Ili kupunguza ubishi, wasaka vipaji wana lugha yao ya namba. Inasemekana ilianzia kwa Branch Rickey, bosi yuleyule aliyemsajili Jackie Robinson. Kipimo kinaanza 20 na kuishia 80. Namba 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu, na kila hatua ya 10 inawakilisha mchepuko wastani mmoja.

Ukikumbuka somo la takwimu, umeshaelewa. Kama uwezo umetawanyika kwa umbo la kengele, karibu asilimia 68 ya wachezaji wako kati ya 40 na 60, asilimia 95 kati ya 30 na 70, na waliobaki kwenye ncha ni wa kuhesabu. Mpigaji anapewa namba tano: kuugusa mpira, nguvu, mbio, kudaka na mkono. Mrushaji anapewa namba kwa kasi, kwa kila aina ya mpira anaorusha na kwa uwezo wa kuulenga. Kila namba huandikwa mara mbili: alivyo leo, na atakavyokuwa akikomaa.

Namba ya pili ndiyo yenye kesi. Ya leo ni kipimo, ya kesho ni ubashiri umevaa nguo za kipimo.

Tena kuna ukosefu wa usawa ambao watu hawauzungumzii sana. Kupima mrushaji ni rahisi kuliko kupima mpigaji. Mwaka 1974 Danny Litwhiler, kocha wa Michigan State, alipata wazo kutoka kwa kifaa ambacho polisi wa chuo walitumia kukamata madereva wenye haraka. Naam, tochi. Akaigeuza kuwa kipima kasi cha mpira. Tangu hapo mchana mmoja unatosha kujua mkono wa kijana una nguvu gani. Mpira mmoja, namba moja, ubishi umekwisha.

Kupiga je? Tufanye hesabu kidogo. Chukua vijana wawili. A, kwa uwezo wake halisi, hufanikiwa mara 30 kwa 100. B hufanikiwa mara 25 kwa 100. Hiyo ni tofauti kubwa, inatenganisha nyota na mchezaji wa kawaida. Ukimtazama kila mmoja katika majaribio 100, bahati tu itafanya B aonekane bora kuliko A karibu mara 1 kati ya 5. Ili kosa hilo lishuke chini ya mara 4 kati ya 100, unahitaji majaribio kama 500 kwa kila mmoja, ambayo hata kwa mchezaji wa ligi kuu ni karibu msimu mzima. Mwanafunzi hafikishi.

Sasa jiulize: kijana mwenye vipawa viwili akiletwa mbele yako, kimoja kinaonekana kwenye tochi leo hii na kingine kinahitaji uvumilivu wa miaka, utamwelekeza wapi? Tuna tabia ya kuthamini kinachopimika upesi.

Na tochi ina gharama yake. Mwaka uleule wa 1974, daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kwanza wa kurekebisha kano ya kiwiko, upasuaji ambao mpaka leo unaitwa kwa jina la mgonjwa huyo. Ukimwambia mtoto thamani yake ni namba ya kasi, atautafuta kasi kwa kiwiko ambacho bado kinakua. Mwaka 2014 ligi kuu na chama cha besiboli cha Marekani walilazimika kutoa mwongozo wa idadi ya mipira ambayo mtoto arushe kwa siku: wa miaka 11 na 12, kwa mfano, asizidi 85.

Japani wanajaribu kwa makusudi

Julai 2012, Ohtani, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Hanamaki Higashi, alirusha mpira wa kilomita 160 kwa saa. Namba hiyo ikazunguka dunia. Timu za Marekani zilizokuwa zikimfuatilia zilimtazama zaidi kama mrushaji, na yeye mwenyewe akatangaza anataka kwenda Marekani moja kwa moja.

Klabu ya Hokkaido Nippon-Ham Fighters ikamchagua hata hivyo. Kocha Hideki Kuriyama na wenzake wakaenda kwa familia na andiko lenye takwimu za vijana waliokwenda nje mapema. Pamoja nalo wakampa pendekezo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo: njoo kwetu, fanya zote mbili. Wachezaji wengi wa zamani walipinga. Mshika mbili, kwa Kijapani.

Tofauti na visa vitatu vya kwanza ni kwamba safari hii mlango haukufunguliwa na vita, ubaguzi wala bega. Ulifunguliwa kwa mpango. Ohtani alirusha takriban mara moja kwa wiki, akapewa mapumziko kabla na baada ya kurusha, na siku nyingine akapiga. Mwaka wa kwanza, 2013, alipata homurani 3 tu na ushindi 3. Kwa mwenye haraka, jaribio lilikuwa limefeli. Mwaka 2014 akafikisha ushindi 11 na homurani 10. Mwaka 2016 akapiga kwa wastani wa .322 na homurani 22, akashinda mechi 10, na timu ikachukua ubingwa wa Japani.

Turudi Arizona sasa. Mapigo 4 katika majaribio 32 yanasema nini? Mwaka ule 2018 alimaliza na wastani wa .285. Mtu mwenye uwezo huo akipewa majaribio 32, uwezekano wa kupata mapigo 4 au pungufu ni kama mara 3 kati ya 100. Ni nadra, lakini kila Machi wachezaji wengi sana wanapigania nafasi, hivyo kila mwaka wapo watakaoangukiwa. Tuwe wakweli pia: siyo bahati mbaya peke yake. Kabla tu ya msimu kuanza Ohtani alibadili anavyoinua mguu wakati wa kupiga ili awahi mipira ya kasi ya Marekani. Wasaka vipaji waliona kasoro ya kweli. Walichokosea ni kudhani kwamba kasoro ya leo ni hukumu ya kesho.

Yaliyofuata unaweza kuwa umeyasikia. Mwaka 2021 homurani 46 na ushindi 9, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Desemba 2023, mkataba wa dola milioni 700 na Los Angeles Dodgers. Tarehe 17 Oktoba 2025, katika mechi moja ya mtoano dhidi ya Milwaukee, alirusha zamu 6 bila kufungwa na kupiga homurani 3. Ila bei ameilipa: kiwiko chake kimefanyiwa upasuaji mara mbili, 2018 na 2023.

Tunajifunza nini?

Usiondoke hapa ukidhani kila kijana afanye kila kitu. Wengi wakishika mbili, moja huwaponyoka kweli, na mwili una mipaka. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kumwachisha mtu kipawa kimoja unahitaji ushahidi, na mara nyingi tunaufanya kabla ushahidi haujafika. Mwangalie kijana kwa muda mrefu. Tofautisha kinachopimika upesi na kilicho muhimu. Na kama unaweza kuacha mlango wa pili wazi kwa miaka miwili mitatu, uache.

Hili siyo la Marekani na Japani tu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, waliweka historia kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, na wakashinda mechi moja dhidi ya timu ya Oregon. Miaka 10 baadaye Dodgers wakasajili vijana wawili wa Uganda. Wasaka vipaji wameanza kuja kwetu, na wanakuja na tochi zao.

Hata asiyewahi kushika gongo analijua swali hili. Wengi wetu tuliletewa tahasusi baada ya matokeo ya kidato cha nne: sayansi huku, sanaa kule, kwa mtihani wa wiki chache. Wengine ilitufaa. Wengine mpaka leo tunajiuliza. Ukisikia tena methali ile, kumbuka kwamba Ruth, Rogan, Dihigo na Ohtani walishika mbili wakati watu wazima waliokuwa karibu nao waliporuhusu, au walipokosa namna ya kuzuia. Kwa vijana wengi cha pili hakikuponyoka. Kuna mtu alikichukua mkononi mwao, tena kwa nia njema, akiwa na namba moja kwenye karatasi.